Kisanduku cha Maneno Yanayopanda

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya shule, Nelvine alikuwa na kazi tatu. Alichota maji, akamshika ndama wakati mama yake akikama, kisha akamvusha mama yake barabara. Kazi hiyo ya tatu ilikuwa mpya. Shamba lao la chai lilikuwa ng'ambo ya barabara ya murram isiyo na lami, na matrekta ya kubeba majani chai yalipita hapo yakikimbia kama yanafukuzwa. Mtu mwenye masikio huyasikia yakiwa bado mbali, nyuma ya kona. Rebeccah, mama yake Nelvine, hakuyasikia hata yakiwa mgongoni pake.

Mwezi wa Januari mwaka huo wa 1996, Rebeccah alishikwa na homa ya uti wa mgongo. Alilazwa siku kumi na tisa. Watu wa kanisa walifunga na kuomba, na Mungu akamrudisha nyumbani akitembea kwa miguu yake mwenyewe. Si kila aliyelazwa chumba kile alijaliwa hivyo. Lakini alirudi akiwa hasikii jogoo, hasikii mvua juu ya mabati, wala hasikii mtoto wake akimwita.

"Niachilie mkono. Kwani mimi ni ndama?" alisema kila walipofika barabarani. Alisema kwa sauti kubwa iliyofika kwa majirani, kwa maana hakuweza tena kupima sauti yake.

Baba yake Nelvine, mzee Johana, alifanya kazi katika kiwanda cha majani chai upande wa Kericho, akija nyumbani mwisho wa mwezi tu. Kwa hiyo Nelvine, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, ndiye aliyekuwa masikio ya nyumba nzima.

Ndiyo sababu mwishoni mwa Februari, siku aliyotakiwa mama kurudi hospitalini kuangaliwa, aliyemsindikiza alikuwa Nelvine. Daktari alimulika masikio, akagonga chuma fulani na kukiweka nyuma ya sikio, akaandika kwa muda mrefu. Kisha akamwita Nelvine kando.

"Mmekuja na mtu mzima?"

"Hapana. Baba yuko kazini."

Daktari alimtazama, akashusha pumzi. "Basi sikiliza vizuri, binti. Masikio ya mama yako hayatarudi. Ule ugonjwa uliharibu ndani kabisa, mahali dawa zetu hazifiki. Si jambo la kungoja. Barua hii mpe baba yako. Kila Jumanne ya kwanza ya mwezi, mwalimu huja hapa kuwafundisha watu kama mama yako kusoma midomo na kuongea kwa mikono. Akianza mapema, atashika upesi. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

Nje, chini ya jua la mchana, Rebeccah alikuwa amekaa kwenye benchi na mkoba wake magotini. Alimtazama binti yake usoni jinsi mtu anavyotazama mawingu wakati wa kiangazi.

"Amesema nini? Yatafunguka kabla ya mkutano wa wamama mwezi wa tano?"

Nelvine alifungua mdomo. Mkutano wa wamama ulikuwa ndio siku ya Rebeccah. Kwa miaka minane yeye ndiye aliyesimama mbele ya kwaya ya kanisa lao na kuanzisha nyimbo, na makanisa mengine yakaitikia. Nelvine alitingisha kichwa, kukubali.

"Asante Yesu!" Rebeccah alipaza sauti, na wagonjwa wote kwenye foleni wakageuka.

Usiku ule Nelvine aliificha barua ndani ya kitabu chake cha Jiografia. Alijiambia kwamba atampa baba. Baba alipokuja alikuwa amechoka, akalala, akaenda. Jumanne ya kwanza ya Machi ikapita. Barua ikabaki pale pale kati ya milima na mito, na kila Nelvine alipofungua kitabu hicho darasani, moyo wake uliruka.

Kanisani mambo yalikuwa magumu. Rebeccah alishika kitabu chake cha nyimbo, akaimba. Maneno aliyajua yote, ila hakujua wenzake wamefika wapi. Wengine wakiwa ubeti wa pili, yeye alikuwa amekwisha kuingia wa tatu. Wengine wakinyamaza ili wavute pumzi, sauti yake ilibaki peke yake kanisani kama ng'ombe aliyeachwa malishoni. Vijana wa viti vya nyuma walicheka ndani ya viganja vyao.

"Mamako leo amefika mjini Bomet sisi tukiwa bado hapa," Winny, rafiki yake wa darasa, alimwambia nje. Kisha alipomwona uso wake akaongeza haraka, "Pole. Nilikuwa natania."

Nelvine hakukasirika. Neno lile lilimpa wazo. Kitabu kinakuonyesha maneno yote kwa mara moja, hakikuambii watu wako wapi. Je, kungekuwa na kitu kinachoonyesha mstari unaoimbwa sasa hivi tu, halafu unaofuata, halafu unaofuata?

Alimweleza Onsongo, fundi wa mbao kutoka Kisii aliyekuwa na karakana sokoni. Onsongo alikuwa mtu wa mzaha, lakini mbele ya mbao hakuwa na mzaha.

"Unataka sinema," alisema.

"Sinema ya maneno, fundi."

"Leta katoni ya sabuni. Mimi nitakupa vijiti. Kubandika ni kazi yako."

Vijiti vilitoka kwenye michai iliyokuwa imepogolewa. Mti wa mchai ni mgumu, ukikauka haupindi. Onsongo alivichonga hadi vikawa vya mviringo, akavipitisha katika katoni, kimoja juu na kingine chini, akatia kila kimoja mkono wa waya wa kuzungushia. Mbele ya katoni alikata dirisha la upana wa mistari mitatu. Nelvine aliokota mifuko ya simiti mahali palipokuwa pakijengwa duka, akakung'uta vumbi, akatoa karatasi safi ya katikati, akaikata vipande virefu na kuviunganisha kwa uji mzito wa ngano. Aliandika nyimbo nne kwa kalamu nene ya wino, herufi kubwa kama vidole. Alipozungusha mkono wa juu, maneno yalipanda dirishani mstari baada ya mstari, yakapotelea juu.

Mwanzoni karatasi ilijilegeza na kukunjamana. Onsongo akakata ukanda wa tyubu ya baiskeli, akaubana kwenye kijiti cha chini ili kisiachie ovyo. Sasa ikakaza, ikatulia. Nelvine alihesabu: mzunguko mmoja, mstari mmoja. Alifanya mazoezi jioni nzima akihesabu bila hata kutazama, akajiona mhandisi.

Jumapili alikaa mbele ya mama yake, kisanduku magotini, dirisha likimtazama Rebeccah. Ubeti wa kwanza ulikwenda vizuri. Wa pili ukawa na wasiwasi kidogo. Katika ubeti wa tatu Rebeccah alianza kukimbia. Nelvine alihesabu kwa bidii zaidi, mzunguko mmoja, mstari mmoja, wala hakuelewa. Watu walikuwa bado katikati ya ubeti wakati Rebeccah alipoimba "Amina" ndefu, yenye nguvu, macho yake yamefumbwa kwa furaha.

Kanisa zima likacheka. Hata mzee wa kanisa alificha uso kwa Biblia. Rebeccah alifumbua macho, akaona midomo iliyo wazi na mabega yanayotikisika, akafahamu. Aliketi polepole na kuinyoosha sketi yake ambayo haikuwa na mkunjo.

"Umehesabu mizunguko?" Onsongo alimwuliza kesho yake.

"Ndiyo, fundi. Sikukosea hata mmoja!"

"Ndipo ulipokosea." Alichukua kijiti akakiviringishia kamba. "Tazama. Kijiti kikiwa kitupu, mzunguko mmoja unavuta kidogo. Karatasi ikishajaa juu yake kimekuwa kinene, mzunguko ule ule unavuta mara mbili. Usihesabu mkono wako. Tazama neno limefika wapi."

Alimfungia uzi mwekundu katikati ya dirisha. Mstari unaoimbwa ulipaswa kukaa juu ya uzi, basi. Nelvine akawa anatazama uzi na kusikiliza watu, mkono ukifuata wenyewe. Jumapili iliyofuata Rebeccah aliimba kutoka mwanzo hadi mwisho pamoja na kanisa, asitangulie wala asichelewe. Wamama wawili walifuta machozi. Mtu angedhani sasa Nelvine angefurahi.

Mama yake ndiye aliyefurahi. "Mungu ametupa hiki cha kusukumia siku," alisema nje ya kanisa, akikipigapiga kisanduku. "Masikio yakifunguka tutakiwasha moto tupikie chai."

Mwalimu wa kwaya, Zacheus, alikuwa karibu. Alikohoa, akamwomba Nelvine amwandikie mama: je, si vizuri Nyanchoka aanze kujifunza kuanzisha nyimbo, kwa sababu ya mwezi wa tano? Nyanchoka, mke wa mwenye duka, alisimama nyuma yake akitazama viatu vyake kwa aibu.

Rebeccah alisoma karatasi, akacheka. "Kwani mtoto huyu hakuwaambia? Daktari amesema yatafunguka kabla ya mkutano."

Watu wote walimgeukia Nelvine.

"Ni kweli, Nelvine?" Zacheus aliuliza taratibu. "Daktari alisema hivyo?"

Kulikuwa na nafasi pale, pana kama mlango wa kanisa, ya kusema hapana. Lakini mama yake alikuwa anatazama mdomo wake na kutabasamu. Nelvine alitingisha kichwa kwa mara ya pili.

Kutoka siku ile alijiona kama mtu aliyefungiwa ndani ya nyumba na ufunguo uko mfukoni mwake, na mkono haufiki mfukoni. Alijaribu kusema jioni, akashindwa. Alijaribu kuandika kwenye daftari, akachana. Jumanne ya kwanza ya Aprili ikapita. Mvua ndefu zilianza, zikapiga mabati kwa kishindo, na Rebeccah akakaa chini ya paa akiwa ameinamisha kichwa, akingoja kuzisikia.

Jumamosi moja asubuhi Nelvine alitoka kumwaga majivu akaona kwamba mama ameondoka bila yeye. Alikimbia hadi barabarani. Rebeccah alikuwa amesimama katikati kabisa ya murram, kikapu cha chai mgongoni, ameipa kona kisogo. Hakuwa anavuka. Alikuwa amesimama tu na kufumba macho, kama mtu anayeomba.

Trekta lilikuwa linakuja.

"Mama!" Nelvine alipiga kelele, ingawa alijua kelele hazina kazi. Alikuwa mbali mno. Miguu yake ilikimbia na bado ilikuwa mbali. Dereva alipiga honi, akapiga tena, akavuta usukani kwa nguvu zake zote. Trekta likaacha barabara, tela likapepesuka, likakwaruza kikapu na kumtupa Rebeccah kifudifudi kwenye matope ya ukingoni.

"We mama, huna masikio?" dereva alifoka akiteremka. "Unataka nikuue nifungwe? Huna masikio wewe?"

"Hana!" Nelvine alilia. "Hana, mzee, hana!"

Dereva alivua kofia yake, akamwinua Rebeccah kwa mikono miwili kama anavyoinuliwa mzazi. Mungu alikuwa amemlinda: ngozi ya kiwiko na magoti ilichubuka, basi. Kikapu kilikuwa kimepasuka, nyuzi zake zimetawanyika.

"Kwa nini ulisimama?" Nelvine aliuliza, akitumia mdomo na mikono yote miwili. "Kwa nini hukuvuka?"

Rebeccah alifuta matope usoni. "Nilikuwa najaribu," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu Januari sauti yake ilikuwa ndogo. "Mei imekaribia. Nilitaka kuona kama yameanza kufunguka. Nilijiambia, trekta ni kitu kikubwa, nikisikia hata kidogo nitajua."

Nelvine alikaa chini pale pale barabarani. Yeye ndiye aliyemsimamisha mama yake mbele ya trekta. Hakumsukuma kwa mkono. Alimsimamisha kwa kutingisha kichwa.

Mchana ule alitoa nyimbo kwenye kisanduku, akaunganisha karatasi mpya, akaandika. Aliandika bila kupumzika, kwa sababu alijua akipumzika atachana. Kisha akakiweka kisanduku mezani jikoni mbele ya mama yake, aliyekuwa akijikanda magoti kwa maji ya chumvi, akaanza kuzungusha.

MAMA. Mstari ukapanda. KUNA JAMBO. Ukapanda. NILIKUDANGANYA. Ukapanda. SIKU ILE HOSPITALINI DAKTARI ALISEMA

Mkono ukagoma. Mstari uliofuata ulikuwa chini tu ya dirisha, ncha za herufi zikichungulia. Alijaribu kuzungusha. Vidole havikumtii. Alijikuta anazungusha mkono wa chini, akiyarudisha maneno, NILIKUDANGANYA ikashuka, KUNA JAMBO ikashuka, hadi dirisha likabaki na neno MAMA peke yake. Akalaza kichwa mezani.

Aliona kivuli cha mkono. Rebeccah alikuwa ameinuka. Alivitoa vidole vya binti yake kwenye waya, kimoja kimoja, bila hasira na bila haraka, akakivutia kisanduku kwake, akazungusha mwenyewe.

Alisoma polepole, kama watu waliosoma madarasa machache na kuacha, midomo yake ikiumba kila neno. MASIKIO YAKO HAYATARUDI. Alisimama hapo. Akarudisha nyuma, akasoma tena kuanzia juu. Akasimama hapo hapo tena. Moto jikoni ulipungua na hakuna aliyeuchochea. Mara ya tatu aliupita mstari ule, akaendelea: kuna barua, kuna mwalimu, kila Jumanne ya kwanza, mbili zimepita, nisamehe. Karatasi ikaisha, ikavutika kwenye kijiti, na dirisha likabaki tupu.

Nelvine alingoja kupigwa. Alitamani hata apigwe. Rebeccah alijifunika kanga kichwani, akalia kilio kisicho na kipimo, kwa maana yeye mwenyewe hakukisikia, na jirani akaja mbio akidhani kuna msiba. Nelvine alisimama mlangoni akishindwa kusema upo au haupo.

Jua lilipokuwa linateremka, Rebeccah alifunua uso.

"Leta barua," alisema.

Ilikuwa ya Kiingereza. Nelvine aliiandika yote kwa Kiswahili nyuma ya karatasi ya simiti, neno kwa neno, hata yale makali, na mama yake akazungusha na kusoma. Jioni hiyo hiyo walikwenda kwa Zacheus. Rebeccah mwenyewe ndiye aliyesema: Nyanchoka aanzishe nyimbo mwezi wa tano. Yeye ataimba katika mstari wa pili na kisanduku chake, ila mkono wa kuzungushia aushike yeye. Nelvine atamgusa goti kila mstari unapoanza, basi. Zacheus alitaka kujua imekuwaje, na Nelvine akamweleza bila kungoja kusukumwa. Mwalimu wa kwaya akasema, "Na mimi niliona uso wako siku ile, nikaacha kuuliza. Na mimi nisamehewe."

Mzee Johana alikuja mwisho wa mwezi, akaisikia habari yote. Siku mbili alitembea shambani akiwa ameshika mikono nyuma. Kisha akaomba ruhusa kazini.

Jumanne ya kwanza ya Mei walikwenda hospitalini wote watatu. Mwalimu alikuwa mwanamke mnene mchangamfu aitwaye Bilhah, mwenye mikono isiyotulia. Hakukawia na salamu. Alimketisha Rebeccah mbele yake kwenye mwanga, akasema "maji", "mama", "majani", tena na tena, akimwonyesha jinsi midomo inavyokutana. Kufikia adhuhuri Rebeccah alikuwa amekosea mara nyingi na kupatia mara sita, na kila alipopatia alimpiga mumewe bega kwa furaha.

"Anashika," Bilhah alisema, akamwandikia Rebeccah karatasini: *Ungekuja mwezi wa tatu ungekuwa mbali sasa. Nani alikuchelewesha?*

Nelvine aliyasoma maneno hayo. Uso ulimwaka. Mzee Johana alisogeza mguu.

Rebeccah aliweka karatasi chini. "Huyu mtoto wangu," alisema, kwa sauti iliyojaa chumba. "Tena alifanya kwa kunipenda. Aliona habari ni nzito, akasema mama hataiweza, wacha niibebe mimi. Akabeba yeye, ikamlemea, na mimi nikaenda kusimama mbele ya trekta nikingoja kitu ambacho hakiji." Alimgeukia Nelvine, akamshika kidevu ili amwone usoni vizuri. "Nisikilize wewe unayesikia. Kunidanganya ili nisilie hakukunizuia kulia. Kulinichelewesha tu. Ukiwa na habari ya mtu, ni yake, mpe. Hata ikiwa mbaya, mpe yote, usiipunguze. Halafu usikimbie. Kaa naye."